Adui wa Mezani Naye Apewe Akili

Kwa miaka mingi niliandaa mazoezi ya ramani, yaani vita vya kuigiza mezani, upande mmoja ukicheza adui, kwa makanali na mabrigedia. Sasa nimestaafu, niko nyumbani Tanga, na wakufunzi wapya hunipigia simu kuniuliza waanzie wapi. Nawajibu: anzeni na adui.

Zoezi langu la kwanza niliharibu hapo hapo. Nilikuwa nimeshaandika kila kitu: siku ya pili adui anarudi nyuma, siku ya tatu daraja linatekwa. Meja aliyeshika upande wa adui akaniuliza, "Afande, nirudi nyuma kwa nini, na kikosi changu cha akiba hakijaguswa?" Nikamwambia ratiba inataka hivyo. Wakubwa wakashinda, wakapongezana, wakaenda kula. Jibu lile linaniuma hadi leo.

Ukitaka tatizo zuri, chukua vita vya hapa Tanga, Novemba 1914, Waingereza walipowashambulia Wajerumani kutoka baharini. Ficha jina la mji na tarehe. Mshambuliaji ana watu wapatao 8,000 melini. Mlinzi ana kama 1,000, na wengi wako mbali, upande wa Moshi, ila reli ipo. Novemba 2 manowari Fox iliingia bandarini kudai mji usalimu amri, kwa hiyo mlinzi akajua. Shambulio kubwa likaja Novemba 4. Siku zote hizo treni zilikuwa zikishusha askari.

Wanaopewa upande wa meli huuliza habari za mizinga, mashua, kina cha maji. Wachache mno huuliza treni inatumia saa ngapi. Usiwakumbushe. Acha ifike, na mwamuzi, anayeamua nani ameshinda mezani, asibadilishe matokeo kwa kumwonea haya mkubwa.

Ukishafichua jina la mji, watataka kuzungumzia nyuki. Ni kweli nyuki waliwashambulia askari, lakini hata Wajerumani waliumwa. Warudishe kwenye upelelezi: Jenerali Aitken wa Waingereza alishusha jeshi bila kuijua nchi iliyo mbele yake, wakati von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alipanda baiskeli usiku akaenda mwenyewe kuzitazama meli.

Kompyuta zisikutishe. Waprusi, Wajerumani wa zamani, mwaka 1824 walifanya mazoezi kama haya kwa ramani, vibao na dadu, na bado vinatosha. Muda uupe tathmini, yaani mazungumzo ya baada ya zoezi, nusu siku nzima ikibidi. Hapo mwenye cheo kidogo aanze kusema, mkubwa amalizie, maana brigedia akishasema "mimi naona", meza nzima itaona hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nawataka kila mmoja aandike uamuzi wake kwenye karatasi kabla mtu hajafungua mdomo. Baadhi walikasirika. Niliendelea.

Nikipata nafasi ya kuwatembeza Ras Kasone, waliposhukia wale wa melini, huwa baada ya tathmini, si kabla. Wanasimama wanatazama bahari kidogo tu, kisha wanageuka kuuliza reli iko upande gani.