Jibu: Punda wa kitambaa anayesimama na kulala, na kwa nini uanze na mkao wa kulala

Assalamu alaikum. Dada yetu wa Malindi ameuliza namna ya kumshona punda wa kitambaa ambaye mtoto ataweza kumsimamisha na kumlaza apendavyo, kwa sababu yule aliyemtilia waya miguuni alisimama vizuri mwanzoni, kisha waya ukakatika magotini na ncha yake ikatoboa kitambaa. Ameuliza pia kama kiolezo hicho hicho kinaweza kumfaa paka, na akataja kuwa kuna aliyemshauri atie sumaku magotini. Mimi nashona wanyama wa aina hii hapa Lamu, wengi wao punda, na nitajibu kwa urefu kwa kuwa ugumu wa kazi hii hauko pale wengi wanapoudhania.

Dada yangu, kukatika kwa waya wako si bahati mbaya. Chuma kinachokunjwa na kukunjuliwa mahali pamoja huzidi kukakamaa pale pale hadi kinapasuka, na ukitia waya mnene zaidi utakuwa umeahirisha siku tu. Kwetu pwani kuna na kutu: hewa ya chumvi hupenya hadi ndani ya usufi, na doa la kutu likishajitokeza kwenye kitambaa cheupe cha tumbo halitoki tena. Kwa mnyama wa kupamba rafu waya una nafasi yake, lakini kwa mnyama wa kuchezewa hauna.

Ushauri wangu ni kwamba umbuni kwanza punda aliyelala, kisha utafute namna ya kumsimamisha. Washonaji wengi hufanya kinyume. Huchora punda aliyesimama, kwa kuwa ndivyo anavyochorwa vitabuni, halafu hutafuta mahali pa kumkunja, na mnyama anayepatikana hapo akilazwa hutoa miguu pembeni imekakamaa kama ya meza iliyopinduliwa, kwa kuwa kitambaa kilichomtosha wima hakimtoshi akikunjwa. Mkao haubadiliki mahali palipojazwa, bali mahali palipoachwa wazi, na ukubwa wa uwazi huo huamuliwa na ule mkao wenye mikunjo mingi zaidi. Ukiuanza huo, mkao wa kusimama utabaki kuwa suala la kunyoosha tu.

Kabla ya kushika mkasi, mtazame punda mwenyewe. Hapa katika Mji wa Kale, ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, vichochoro ni vyembamba na mizigo hubebwa na punda, kwa hiyo sina haja ya kwenda mbali. Na wale wanaopumzika kwenye zahanati ya The Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, iliyopo hapa tangu mwaka 1987, hutulia vya kutosha kwa mtu anayetaka kuchora. Malindi pia hukosi punda wa mkokoteni. Utaona kwamba anapolala hukunja miguu ya mbele kwanza, hushusha kifua, ndipo sehemu ya nyuma ikafuata. Anapoinuka hunyoosha miguu ya mbele kwanza, hubaki kidogo kana kwamba ameketi, kisha hujisukuma juu kwa miguu ya nyuma. Ng'ombe huinua nyuma kwanza. Mtoto aliyekulia miongoni mwa punda anaijua tofauti hiyo hata kama hajawahi kuitamka, na mnyama anayeinuka kwa mtindo wa ng'ombe humwona ana kasoro. Kwa hiyo punda wako awe na mikao mitatu: kulala, kusimama, na ule wa katikati ambapo mbele kumenyooka na nyuma kumekunjwa. Huo wa tatu ndio watoto huupenda kuliko yote, na kwa bahati nzuri ndio ulio imara zaidi, kwa kuwa matako yote yamekaa chini.

Sasa tuje kwenye goti lenyewe. Goti la mbele la punda hukunjika ili kwato iende nyuma, chini ya kifua. Kiungo cha katikati ya mguu wa nyuma hukunjika upande wa pili, kwato ikaja mbele. Ukishona mstari mmoja wa uzi kukata mguu katikati, kama wanavyofanya washonaji wa wanasesere wa matambara, kiungo kitakunjika pande zote mbili na punda hatasimama kamwe. Unachohitaji ni bawaba, yaani kitu kinachofunguka upande mmoja na kujizuia upande wa pili.

Mimi hufanya hivi. Kila mguu huwa na vifuko viwili vya ndani vya kitambaa cha marekani, cha juu na cha chini, ambavyo hujazwa na kufungwa kila kimoja peke yake. Ncha zake zinazokutana gotini hukatwa mshazari, ili kwa mguu wa mbele zigusane upande wa mbele tu na ziachane kwa nyuma. Pale zinapogusana nazishona pamoja kwa mishono ya karibu karibu, na hapo ndipo bawaba ilipo. Pale zinapoachana pasiwe na usufi hata kidogo. Juu ya vifuko hivyo huvishwa ngozi ya nje, ambayo lazima iwe imevutika barabara nyuma ya goti wakati mguu umenyooka: mvuto huo ndio unaozuia goti lisipinde kwenda mbele. Mguu wa nyuma hufanywa vivyo hivyo, ila bawaba huwa nyuma na uwazi huwa mbele. Kuhusu ukubwa wa uwazi, usipungue unene wa mguu wenyewe mahali hapo. Ikiwa goti lina unene wa sentimita 3, acha sentimita 3 au zaidi kidogo, la sivyo mguu utakataa kuingia chini ya mwili. Ndiyo maana nakushauri goti liwe jembamba kuliko paja, jambo ambalo punda mwenyewe analo.

Vifuko vya kufungwa vina faida nyingine. Usufi huhama. Ukijaza mguu mzima kwa mkupuo mmoja, baada ya muda ujazo husukumwa na mikono ya mtoto hadi kwenye uwazi wa goti, na kiungo hufa. Usufi wa msufi naupenda kwa wepesi wake na kwa sababu haunywi maji upesi, lakini ukishafuliwa hugandamana na haurudi kama ulivyokuwa, kwa hiyo kwa mnyama atakayefuliwa mara kwa mara ni afadhali pamba ya poliesta inayotumiwa kwenye mito. Mchele, mbaazi na kunde kwa ajili ya uzito usivitie kabisa, kwa maana joto na unyevu wa pwani vitawaletea wadudu karamu.

Mabega na nyonga hazihitaji bawaba, zinahitaji kuzunguka. Njia ya uzi inatosha, nayo ni ya zamani: dubu aliyebuniwa na Richard Steiff mwaka 1902 huko Ujerumani, ambaye hutajwa kuwa chanzo cha dubu wote wenye viungo, alifungwa viungo vyake kwa uzi. Chukua shazia, yaani sindano kubwa, na uzi wa kushonea matanga uliopakwa nta, uupitishe kutoka mguu mmoja, ukate mwili, utokee mguu wa pili, kisha urudi ulikotoka, ukikaza kila mara. Vifungo vya kuzuia uzi vikae ndani ya ngozi ya mguu, si nje. Nyonga zikazwe kuliko mabega, ili punda aelekee kulala kwa mbele kwanza bila kufundishwa na mtu.

Kipande cha tumbo kikate kipana kuliko kinavyoonekana kustahili. Akisimama, ziada hiyo hujikunja katikati ya miguu na haionekani. Akilala, hupanuka na kumpa tumbo lile la kutandazika ambalo ndilo humfanya aonekane amepumzika kweli. Shingo nayo ijazwe kwa mkono mzito, na ujazo wake uendelee bila kukatika hadi kifuani, kwa sababu kichwa cha punda ni kikubwa na mkunjo wowote chini ya shingo utamwinamisha kabla hajanunuliwa. Katika nyayo natia duara la plastiki lililokatwa kwenye dumu, kingo zake zikiwa zimesuguliwa hadi zikawa laini, na miguu naitanua kidogo kwa nje.

Kuna jambo moja ambalo punda mwenyewe amemrahisishia mshonaji. Ana mstari mweusi unaopita mgongoni na mwingine unaoukata mabegani. Mshono wa mgongo upitishe chini ya mstari wa kwanza na mshono wa bega chini ya wa pili, na mikunjo ya kitambaa inayotokea mguu unapozunguka itapotea ndani ya weusi huo.

Kwa upande wa usalama sina mjadala mrefu. Macho yatariziwe kwa uzi, si kifungo, kama mtoto ana umri chini ya miaka 3. Kipimo kinachotumiwa kwa vifaa vya watoto wa umri huo ni silinda yenye kipenyo cha milimita 31.7, kitu chochote kinachoweza kung'oka na kikaingia humo kizima huhesabiwa kuwa hatari ya kukaba koo. Aliyekushauri utie sumaku magotini ili miguu ishikane ikikunjwa amekosea sana. Mtoto akimeza mbili, huvutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa.

Ama paka, kiolezo cha punda hakitakufaa. Punda hubadilisha mkao kwa miguu, mgongo wake ukibaki karibu vilevile. Paka hubadilisha kwa mgongo. Yule anayejikunja barazani na yule anayejinyoosha baada ya usingizi wana miguu ile ile, ila uti umepinda namna mbili. Basi gawa mwili wake vifuko vitatu vya ndani, kifua, tumbo na nyonga, vyote vikiwa na bawaba upande wa tumboni na uwazi upande wa mgongoni kama unataka ajinyooshe kwa kubonyeza mgongo, au kinyume chake kama unataka ajikunje. Vyote viwili kwa paka mmoja vinawezekana tu ukiacha uwazi pande zote na bawaba katikati, na hapo hatashika mkao wowote bila kuegemezwa. Mimi ningechagua wa kujikunja, nikamtia uzito nyongani kwa kifuko cha kokoto zilizooshwa na kukaushwa, kilichoshonwa mara mbili.

Kiolezo cha mguu wa mbele, chenye ule mshazari wa gotini, nitakichora kwa ukubwa wake halisi na kukiweka hapa nikipata karatasi pana. Ila ukubwa wa punda wako hukuutaja. Niambie urefu wake kutoka kwato hadi bega.