Kisu cha buchani: D2 au springi ya gari?

Ndugu, una jiko la mkaa na mvukuto tu, na unataka kisu cha buchani kisichopoteza makali haraka. D2, aina ya chuma cha kutengenezea zana, iache kwanza. Kweli hudumu na makali, lakini hukazwa (hufanywa ngumu kwa moto) kwenye nyuzi 1,010 hivi, na mkaa hauwezi kulituliza joto hilo; ukibahatisha, itavunjika kama kigae. Hata kuinoa ni kazi.

Tafuta springi ya lori, mpya, maana iliyotumika huficha nyufa. Ukishaifua ikawa kisu, ipashe hadi sumaku isinase, ongeza joto kidogo, kisha izamishe kwenye mafuta ya kula ya uvuguvugu. Ukiipitishia tupa (chombo cha kukwangulia chuma) ikateleza bila kung'ata, basi imekaza. Ioke nyuzi 200 saa mbili. Hushika kutu, ifute kila jioni.

Mafuta yakiwaka, funika; usimwagie maji kabisa.