Mada Tano za Jiografia Zianzie Mtoni: Kwa Mwalimu Anayeanza

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha Jiografia nilizimaliza mada zote tano katika kipindi kimoja. Niliandika ubaoni: mahali kitu kilipo, sifa za mahali, mwingiliano wa binadamu na mazingira, mwendo, na kanda. Wanafunzi walinakili maana zake, wakazikariri, na kwenye jaribio wengi wakapata alama nzuri. Wiki moja baadaye niliwauliza kwa nini mji wao wa Korogwe umekaa pale ulipo, na darasa zima likanyamaza, ilhali wengi wao walikuwa wamevuka Mto Pangani au kupita kando ya reli asubuhi ile ile. Tangu siku hiyo sianzi na maana za maneno; naanza na mto. Nawe unayepangiwa vipindi hivi kwa mara ya kwanza, tafuta kitu kimoja ambacho wanafunzi wako wanakijua kwa macho yao, kisha uzipitishe mada zote juu yake.

Mpangilio huu wa mada tano ulitolewa mwaka 1984 na Baraza la Taifa la Elimu ya Jiografia la Marekani pamoja na Chama cha Wanajiografia wa huko. Ichukue kila mada kuwa swali linaloweza kuulizwa kuhusu mahali popote, nawe utaona jinsi kazi inavyokuwa nyepesi.

Kwa swali la kwanza, ishushe ramani kutoka ukutani. Ramani iliyotundikwa humfanya mwanafunzi aamini kwamba kaskazini ni juu, na nimewahi kuulizwa, kwa dhati kabisa, Mto Nile unawezaje kupanda mpaka Misri. Itandaze sakafuni, ielekeze kaskazini yake kwenye kaskazini ya kweli, kisha mwanafunzi asimame penye Korogwe akitazama upande wa Tanga. Ataona milima ya Usambara kushoto kwake kwenye karatasi, na akigeuza shingo dirishani ataiona kushoto kwake pia. Hapo ndipo umweleze kwamba mji wake uko karibu nyuzi 5 kusini ya Ikweta na nyuzi 38 na nusu mashariki, kwa sababu sasa namba hizo zina pa kukaa. Wakiuliza zina faida gani, wakumbushe kwamba nchi yetu ina mito miwili iitwayo Ruvu: mmoja unaingia katika mfumo wa Pangani, mwingine unatoka Uluguru na kuwapatia maji watu wa Dar es Salaam. Jina pekee halitoshi kumfikisha mtu.

Sifa za mahali hazihitaji muda mrefu. Waache waseme wanachokiona, wanachokinusa na lugha wanazozisikia sokoni, wewe uandike.

Muda wako utunze kwa ajili ya mwingiliano, maana hapa wanafunzi hukimbilia jibu moja tu, kwamba binadamu anaharibu mazingira. Waonyeshe Bwawa la Nyumba ya Mungu kwenye Mto Pangani, lililojengwa katika miaka ya 1960. Maji yaliyozuiwa pale huzalisha umeme, na yakiteremka huuzalisha tena huko Hale, kwenye kituo cha mwaka 1964. Lakini mafuriko yaliyokuwa yakitanda kwenye kinamasi cha Kirua yalipungua na kinamasi chenyewe kikasinyaa. Kule mdomoni, mjini Pangani, maji ya mto yanapopungua, maji ya chumvi hupanda ndani zaidi na kuwafikia wakulima. Mwanafunzi akishaelewa kwamba taa ya nyumbani kwao na mnazi wa mtu asiyemjua vinategemea maji yale yale, ameielewa mada hiyo.

Wakisikia mwendo, wengi hufikiria mabasi. Wapeleke kwenye shamba la mkonge. Mmea huu, ambao asili yake ni Yucatán nchini Meksiko, uliletwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu. Mwaka huo huo ujenzi wa reli ulianza Tanga. Reli ikafika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911. Waulize mkonge ulihitaji nini ili utoke shambani ufike bandarini, nao watakuambia wenyewe kwa nini mji wao umekaa pale.

Kanda ndiyo mada ngumu kuliko zote, kwa kuwa wanafunzi hudhani mistari ya ramani imechorwa ardhini. Wape chaki waizungushie Korogwe kanda zake. Mkoa wa Tanga mpaka wake umewekwa na serikali. Bonde la Pangani limewekwa na maji yenyewe, na kipande chake kimo Kenya. Wengine watasema sisi ni watu wa pwani, wengine watasema Kanda ya Kaskazini, na watabishana. Usiwakatize, kwani pande zote mbili zina hoja. Mwaka mmoja mwanafunzi aliuliza mpaka wetu na Kenya unaopita katika Ziwa Jipe unaonekanaje mtu akiwa ndani ya mtumbwi. Niliwaachia wenzake wamjibu, na kengele ikalia wakiwa bado wamepiga magoti sakafuni kuizunguka ramani.