Barafu, turbo na malori: majibu kwa wasomaji wa Lubumbashi

*Msomaji wa Kamalondo: Papa fundi, katika video za malori ya Marekani yanayoshindana kuvuta uzito, watu wanamimina barafu kwenye tangi kabla ya kuanza. Barafu hiyo inapoza nini?*

Inapoza hewa, si injini. Turbo, pampu inayozungushwa na moshi wa injini, huishindilia hewa inayoingia kwenye injini, na hewa iliyoshindiliwa hupata joto: ikiingia na nyuzi 25 na shinikizo lake likapandishwa mara nne, hutoka ikiwa imepita nyuzi 200. Ukiirudisha hadi nyuzi 50 kwa shinikizo lilelile, silinda inapokea karibu nusu zaidi ya hewa, na mazutu (dizeli) nyingi zaidi inaweza kuungua. Kwa hiyo hewa hupitishwa ndani ya intakula ya maji, yaani kipoza-hewa kinachopozwa kwa maji, huku pampu ikizungusha maji ya barafu kati ya intakula hiyo na tangi. Kilo moja ya barafu, kwa kuyeyuka tu, humeza joto ambalo lingepandisha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 80, na hapo ndipo faida yote ilipo. Injini inayovuta kilo moja ya hewa kwa sekunde, hewa hiyo ikipozwa kwa nyuzi 150, itayeyusha karibu kilo 7 katika sekunde 15. Njia ya mashindano hayo huko Ulaya ina mita 100. Lori likifika mwisho wake, barafu imekwisha kazi.

*Shofere wa njia ya Likasi: Niweke mifuko mingapi ili kamio yangu ipande vilima ikiwa imebeba shaba?*

Swali hili linarudi kila mara, na kila mara muulizaji hasemi injini yake ina nguvu kiasi gani. Tuchukue ya farasi 440 inayofanya kazi kwa nguvu zote: hewa yake ni takriban nusu kilo kwa sekunde, na kuipoza kwa nyuzi 130 kunadai kilo 700 za barafu kwa saa. Utabeba barafu au shaba? Fungua mbele ya lori lako utazame intakula inayopozwa na upepo, iliyotoka nayo kiwandani. Malori mengi ninayoyaona yana vumbi jekundu lililogandamana na majani katikati ya mapezi, na mpira wa bomba la turbo umefungwa kwa waya. Pakaa maji ya sabuni kwenye viungio huku mwenzako akikanyaga mazutu, uone yanapotoka mapovu. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200, hewa ni nyepesi, na turbo tayari inahangaika kuliko ile ya pwani. Kila uvujaji unaiongezea joto bure.

*Msomaji wa Katuba: Nikitia chumvi kwenye barafu, si itakuwa baridi zaidi?*

Itakuwa, na itakula alumini ya intakula. Usitie.

*Msomaji wa Kampemba: Kwa nini tusinyunyizie maji moja kwa moja kwenye hewa?*

Wapo wanaofanya hivyo, kwa sababu maji yanapogeuka mvuke humeza joto karibu mara saba ya barafu inayoyeyuka. Lakini yanatakiwa yawe ukungu, yawe safi bila chokaa, na yatoke turbo inaposukuma tu. Matone makubwa yakiingia kabla ya turbo hutafuna mabawa yake. Anayekuuzia chupa na mpira wa dripu ya hospitali mfukuze, kwa maana mpira huo utaendelea kudondosha hata injini ikizimwa.

*Fundi wa Ruashi: Tangi la barafu la lori letu la mashindano linatoa mapovu injini inapovuma. Ni kawaida?*

Si kawaida hata kidogo. Intakula imepasuka ndani: turbo ikisukuma, hewa hukimbilia kwenye maji, na injini ikizimwa maji huingia njia ya hewa na kushuka kwenye silinda. Maji hayashindiliki, kwa hiyo ukipiga stata unapinda biele, ule mkono unaoshika pistoni. Mwaga tangi lote, toa injekta, kisha zungusha injini kwa mkono hadi matundu yaache kurusha maji. Intakula ifungue, izibe pande zote, ijaze hewa ya kompresa na kuizamisha kwenye pipa la maji ili uone ufa. Hadi hapo ufunguo ukae mfukoni mwako, usimwachie kijana wa gereji.