Maana ya neno "kama lilivyotumika kwenye kifungu": soma mbele kwanza

Hili swali kila aliyewahi kufanya ufahamu analijua, "eleza maana ya maneno yafuatayo kama yalivyotumika kwenye kifungu", na ndo swali ambalo watu wanapoteza maksi wakati jibu limelala palepale kwenye karatasi. Nimekaa na wasomaji wengi nikiwasaidia kwenye jambo hili, watoto na watu wazima, na kama ningeambiwa nitoe ushauri mmoja tu ningesema hivi: neno gumu likikusimamisha, we usisimame. Endelea kusoma mpaka mwisho wa sentensi, ikibidi mpaka mwisho wa aya, afu ndo urudi.

Nasisitiza hivyo sababu naona kila siku mtu akikutana na neno asilolijua anarudi nyuma, anaisoma sentensi ileile mara tatu nne kana kwamba itabadilika, anachoka, anaandika chochote. Wakati waandishi wengi wanalitaja neno kwanza kisha wanaonyesha kilichofuata. Yaani dalili iko mbele. Chukua kipande hiki nimekitunga:

"Juma alikuwa ameshafunga mizigo, tiketi iko mfukoni. Usiku akapata ujumbe kwamba mama yake ameugua ghafla, akaghairi. Asubuhi jirani alimkuta anarudisha nguo kabatini."

Ukimpa mtu asiyejua kughairi, jibu la haraka ni "akahuzunika". Na kwa kweli ukiishia kwenye sentensi ile linakaa vizuri kabisa, mama ameugua, mtoto amehuzunika, tatizo liko wapi? Tatizo ni zile nguo. Mtu anaweza kuhuzunika na bado akasafiri, sasa kwa nini nguo zinarudi kabatini? Kuna uamuzi umebadilika hapo katikati. Kwa hiyo akaghairi ni akabadili nia, aliacha alichokuwa amekusudia. Ndo maana nawaambia watu ukishapata jibu liweke kwenye nafasi ya lile neno halafu soma sentensi tatu, iliyotangulia, yenyewe, na inayofuata. Ukisoma moja tu utakuta majibu kumi yote yanaingia, ukisoma tatu yanabaki mawili au moja.

Sasa kuna vijineno ambavyo watu wanavipita kama havipo na ndivyo vyenye kazi kubwa: lakini, bali, ingawa, yaani, kama vile, kwa hiyo, hata, ili. Hebu ona:

"Familia ile ilisifika kwa ukwasi, lakini maghala yao yalipoungua wakatumbukia kwenye ukata, hata chakula cha siku kikawa cha kuomba."

Maneno mawili magumu kwenye sentensi moja, mtu anakata tamaa. Ila tulia. "Lakini" inakuambia ukwasi na ukata vinapingana. "Wakatumbukia" inakuambia ukata ni kubaya, hakuna anayetumbukia kwenye raha. "Hata chakula cha siku kikawa cha kuomba" inamalizia, ukata ni umaskini, ufukara. Na ukishalipata hilo moja, ukwasi unajifungua wenyewe bila jasho, ni utajiri. Yule aliyeanza kwa kutazama sura ya neno tu akaona "kata" ndani ya ukata na kuandika "tabia ya kukata vitu" hakufanya kosa la akili ndogo, alikosa tu kuiuliza sentensi.

Na "ili" msiidharau. "Kwa inda yake alificha ufunguo ili wenzake walale nje." Baada ya ili kuna nia, na nia hiyo ni mbaya, wala haitajwi faida yoyote anayopata yeye. Basi inda ni roho mbaya, ile ya kumfanyia mwenzio ubaya bila sababu. Hata kama hujapata neno kamili, kujua kwamba mwandishi anamlaumu mtu huyu kumeshafuta nusu ya majibu yasiyofaa.

Halafu kuna zawadi ambayo Kiswahili chenyewe kinatupa na sisi hatuitumii. Upatanisho wa kisarufi! Mtu akiona "kingugwa" anasema ni kitu, si kinaanza na ki- kama kiti na kitabu. Haya soma: "Kingugwa alizunguka zizi usiku kucha, asubuhi wakakuta mbuzi wawili hawapo na mifupa imetapakaa." Angalia kitenzi, *a*lizunguka, sio kilizunguka. Hiyo a- peke yake imeshakuambia ni kiumbe chenye uhai. Zizi, usiku, mbuzi kutoweka, mifupa, vinakuambia ni mnyama mla nyama. Kingugwa ni fisi, yule mkubwa mwenye madoa. Je, utaweza kujua ni fisi na sio chui kwa sentensi hiyo tu? Hapana, na sio lazima. Kwenye kusoma kwa kawaida "mnyama mla nyama anayevamia mifugo" inatosha kuendelea na hadithi, na kwenye mtihani ukiandika hivyo una nafasi kuliko aliyeacha pengo.

Viambishi navyo ni hivyohivyo. Hujui "kutegua" lakini unajua kutega. Sasa tazama funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua, hiyo -u- inayoingia karibu na mwisho inafuta kile kitendo cha kwanza. Basi aliyetegua mtego ameuondolea ile hali ya kunasa. Ila hapa nawaonya, sio kila neno lenye -ua limetoka kwenye neno jingine, usiende kutafuta "chuka" ndani ya chukua au "nuna" ndani ya nunua! Ndo maana kila siku nasema umbo la neno linakupa wazo, muktadha ndo unalithibitisha au kulikataa. Ukiwa na wazo kutoka kwenye umbo na sentensi inalikataa, ifuate sentensi.

Na jibu lako lifanane umbo na neno lililoulizwa. Umeulizwa "akaghairi", andika "akabadili nia", usiandike "kubadili nia" wala "mabadiliko". Umeulizwa nomino toa nomino. Lile jaribio la kuliweka jibu kwenye nafasi ya neno linakusaidia na hapa pia, ukiona sentensi inakwama mdomoni ujue umbo limeenda kombo.

Sasa nije kwenye kitu ambacho mimi naona ndo kizito kuliko vyote. Neno usilolijua halina hatari sana, sababu unajua kwamba hulijui na utakuwa makini. Hatari ni neno unalolijua. Mwanafunzi anaona "shinda" anaandika kupata ushindi, hata haangalii kifungu, na kifungu kinasema "alishinda kwa rafiki yake bila kula kitu, jioni akarudi nyumbani". Hapo hakuna mchezo wala mashindano, kuna mtu aliyekaa mahali mchana kutwa. Anaona "kata" anaandika kitendo cha kutumia kisu, kumbe "alichota maji mtungini kwa kata akampa mgeni", ni chombo cha kuchotea. Anaona "paa" anafikiria ndege angani au juu ya nyumba, kumbe "alikaa uani anapaa samaki, magamba yametapakaa miguuni", anaondoa magamba. Watunga mitihani wanayapenda sana maneno ya aina hii na wana haki, sababu yanapima kama umesoma au umekumbuka tu. Hayo maneno ya mwisho wa swali, "kama yalivyotumika kwenye kifungu", hayakuwekwa kwa kujaza nafasi. Yakiulizwa maneno mepesi namna hii we jiulize mara moja, kwa nini wameniuliza neno ambalo kila mtu analijua?

Nahau zinaingia humohumo, usivunje "alipiga moyo konde" vipande vipande ukatafuta nani alipigwa, ichukue nzima.

Kuna kitu kingine lazima niseme maana wengi wetu tunaofundisha tunakificha, tunawaambia wanafunzi "muktadha utakuonyesha" kama vile daima unaonyesha. Hauonyeshi daima. Mwaka 1983 watafiti Isabel Beck, Margaret McKeown na Ellen McCaslin walieleza jambo hili vizuri sana, wakagawa muktadha katika aina nne: kuna unaokuelekeza moja kwa moja kwenye maana, kuna unaokupa picha ya jumla tu, kuna usiosaidia chochote, na kuna unaokupotosha kabisa. Ule wa Juma na mama yake, ukiishia katikati, ni wa kupotosha. Kwa hiyo usijione mjinga ukisoma sentensi kama "alivaa kanzu yenye darizi" na ukashindwa kujua darizi ni nini, hapo kinachojulikana ni kwamba ni kitu kinachokaa kwenye nguo, basi. Inaweza kuwa mfuko, kifungo, rangi. Ni nakshi ya kushonwa kwa uzi, lakini sentensi haijasema, na kubahatisha kwa kujiamini hapo ni vibaya kuliko kufungua kamusi.

Na kuna suala la ugumu wa kifungu chenyewe. Mwaka 2000 Hu na Nation walifanya utafiti na wanaojifunza Kiingereza wakaona kwamba ili mtu aelewe hadithi vizuri bila msaada anahitaji kuwa anajua karibu asilimia 98 ya maneno yake, yaani katika kila maneno 100 mageni yawe kama 2 tu, na waliojua asilimia 80 hakuna hata mmoja aliyeelewa vya kutosha. Fikiria hilo kabla hujampa mtoto maandishi mazito ukisema atajifunza kwa kubahatisha. Atabahatisha na nini, wakati maneno ya kumsaidia nayo hayajui? Mpe kitu chepesi kwanza, ajizoeze mbinu pale ambapo mbinu inaweza kufanya kazi.

Kamusi nayo ina saa yake. Mi huwa nawaambia watu wakisie kwanza, waandike kisio lao kwa penseli pembeni, wamalize kifungu, ndo wafungue kamusi walinganishe. Ukifungua kabla unapewa maana sita na hujui ipi ni ya kwako, ukifungua baada unaitambua yako mara moja. Na usitegemee kwamba neno ulilolikisia leo limekuwa lako. Nagy, Anderson na Herman mwaka 1987 waliwapima wanafunzi waliosoma kawaida tu wakakuta uwezekano wa kujifunza neno geni kwa kukutana nalo mara moja ni kama 1 kati ya 20. Kwa hiyo kama unatunza daftari la msamiati, usiandike neno na maana tu. Nakili na sentensi nzima ulikolikuta, na ukikutana nalo tena sehemu nyingine ongeza ile sentensi ya pili chini yake, maana ya pili ikitokea utaiona hapohapo.