Usipulize WD-40 kwenye hiyo bodi ya redio!

Mkuu, weka hilo kopo chini. Unasema redio ni ya miaka ya 1970, bodi imejaa vumbi, kwenye betri kuna ukoko, volyumu inakwaruza, maandishi ya stesheni yamefifia, na unataka kupulizia WD-40, yale mafuta ya kopo ya kulegeza vyuma vyenye kutu, bodi nzima ing'ae. Itang'aa kweli. Wiki ya kwanza.

Sehemu nyepesi ya WD-40 inapaa, mafuta yanabaki. Kila vumbi linalopita linanasa hapo. Kwenye volyumu ni balaa zaidi: inaosha ile grisi nzito ya ekseli ya kitasa na kuishusha kwenye njia ya kaboni iliyo ndani, ambayo umeme unapita, ikachanganyika na vumbi kuwa tope. Mkwaruzo unatulia siku chache, kisha unarudi na kitasa kimelegea.

Sasa chungulia karibu na koili. Kuna vikapasita (vipande vidogo vya kuhifadhi chaji) vya plastiki angavu, ndani unaona foili imeviringishwa? Hiyo ni polistirini, na watengenezaji wa WD-40 wenyewe wanakataza isitumike kwenye polistirini angavu. Ikipata nyufa, stesheni zinahama, na viwanda vingi vilishaacha kutengeneza kapasita hizo. Asetoni ndiyo kabisa, inaziyeyusha.

Wale wa video za mtandaoni wanapuliza, wanawasha, redio inaimba, kamera inazimwa. Nani amewahi kurudi baada ya miezi sita kutuonyesha? Na sina ugomvi na kopo lenyewe, bawaba za geti zinalipenda sana.

Jua kwanza uchafu ni wa nini, ndipo uchague chupa. Vumbi halihitaji chupa yoyote: toa betri, chomoa umeme, tumia brashi laini kavu. Grisi na masalia ya flaksi (dawa inayotumika wakati wa kulehemu) yanataka alkoholi ya aisopropili ya 99% na mswaki laini, kipande kidogo kwa wakati, ukifuta kabla haijakauka, la sivyo umehamisha uchafu tu. Ile ya 70% iache, inayobaki ni maji, na bodi za kahawia za karatasi na resini zinanyonya maji.

Ukoko je? Soma ganda la betri iliyovuja. Alkalini inavuja hidroksidi ya potasiamu, ambayo ni besi, yaani kinyume cha asidi, kama ilivyo soda yenyewe, kwa hiyo wanaokuambia umwagie baking soda wanakupotosha. Tumia siki nyeupe ya 5%, kidogo tu kwenye pamba ya masikio, mpaka povu liishe. Betri za zinki na kaboni ndizo zinazovuja asidi, na hapo ndipo soda ina kazi. Kwa zote mbili malizia na pamba yenye maji yasiyo na madini (distilled), kisha aisopropili, na uache ikauke usiku kucha kabla ya kuwasha.

Volyumu: dawa ya kusafishia kontakti, ya potenshomita (ndicho kifaa kilicho nyuma ya kitasa), matone mawili kwenye tundu lake, zungusha kitasa mwanzo hadi mwisho mara ishirini hivi.

Tupia picha ya upande wa lehemu, hasa kona ya betri. Njia za shaba za bodi zikiwa zimeshakuwa nyeusi chini ya rangi, kuna kuunga waya.