Tableti 20 kwa Wanafunzi 64: Majibu kwa Wasomaji Wetu wa Lubumbashi

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha darasa la sita katika shule moja ya msingi hapa Katuba. Mwaka jana mfadhili alituletea tableti 20 na projekta moja, tukafundishwa kuvitumia kwa siku moja tu, kisha wageni wakaenda zao. Tangu hapo vifaa vimefungiwa kabatini kwa Mkurugenzi wa shule, anayeogopa visivunjike. Umeme unakatika ovyo na intaneti hatuna. Wanafunzi wangu 64 wanajiandaa kwa mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi. Nianzie wapi?
Mwalimu wa Katuba

JIBU: Mwalimu, tusimlaumu sana Mkurugenzi, maana kifaa kikivunjika ni yeye atakayeulizwa na kamati ya wazazi, wala si mfadhili. Mwombe tableti mbili tu, kwa karatasi iliyotiwa sahihi, nazo zisiende darasani kwanza bali nyumbani kwako na kwa mwenzako mmoja kwa mwezi mzima. Mwalimu ambaye hajapata nafasi ya kukosea akiwa peke yake usiku hatathubutu kuwasha kifaa mbele ya macho 128. Mliyoyagundua myalete katika kikao cha walimu cha kila wiki, somo moja kwa kila kikao, kwa sababu siku moja ya mafunzo haijapata kumfanya mtu fundi wa kitu chochote.

Yaliyotokea Peru yanafundisha kwamba kugawa vifaa peke yake hakutoshi. Serikali ya huko iligawa kompyuta ndogo zaidi ya 800,000, lakini utafiti uliofanywa katika shule za vijijini na kutolewa mwaka 2012 haukuona wanafunzi wakipiga hatua katika hesabu wala katika lugha.

Intaneti isikusumbue. Iko programu ya bure iitwayo Kolibri, iliyotolewa mwaka 2017 na shirika la Learning Equality la Marekani, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya shule kama yako: masomo yanapakuliwa mara moja mahali penye mtandao, yanabebwa kwa flashi, kisha kompyuta moja iliyoko darasani inayagawia tableti zote kwa Wi-Fi isiyohitaji intaneti. Chagua masomo ya Kifaransa, kwa kuwa ndiyo lugha watakayofanyia mtihani, nawe uyafafanue kwa Kiswahili pale watoto wanapokwama.

Kuhusu umeme, piga hesabu kabla ya kuahidi lolote. Batri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, ila ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu yake, yaani 600. Projekta ya wati 250 ikiwaka saa mbili imekula 500. Tableti zote 20, kila moja ikihitaji takriban wati-saa 20, zinajazwa kwa 400 na ushei, na zinafanya kazi kwa saa nyingi. Mimi ningeiacha projekta kabatini. (Ndiyo inayopendeza wageni wakija, najua.)

Darasani, usijaribu kuwapa wote kwa pamoja. Wanafunzi 32 wakae wawili wawili kwenye tableti 16, na wale 32 wengine wafanye mazoezi yaleyale daftarini. Baada ya dakika 25 wabadilishane. Tableti nne zinazosalia ni za akiba, kwa kuwa kila siku itapatikana moja iliyokataa kuwaka. Mara mbili kwa wiki, kwa somo la hesabu peke yake, inatosha kwa muhula wa kwanza.

SWALI: Shule ya mwanangu inataka kila mzazi anunue tableti kabla ya muhula ujao. Je, ni lazima?
Mama wa Kamalondo

JIBU: Mama, ikiwa ni shule ya msingi ya serikali, ibara ya 43 ya Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 inasema kwamba elimu hiyo ni ya lazima na ni bure, kwa hiyo una haki ya kuuliza sharti hilo limetoka wapi, na ni vizuri uulize pamoja na wazazi wenzako. Ikiwa ni ya binafsi, omba uonyeshwe ratiba: tableti itatumika katika somo gani, siku gani, na mwalimu yupi amefundishwa kuitumia. Wakikosa jibu, fedha hiyo inunulie madaftari na vitabu kwanza.